Moto wa Mama Nekesa

Mwende na Auma, mliniomba niwaandikie namna ya kufukiza chungu hadi kiwe cheusi kweli, si ule weusi wa masizi unaobaki kwenye vidole. Siku tuliyofunga banda letu la vyungu, Mwende ndiye aliyeniambia mimi bibi yenu, "Shosho, andika hizi stori bana. Ukishaenda tutauliza nani?" Nikasema nitaandika kurasa mbili tatu za mambo ya kazi. Nimeandika zaidi ya hizo, na si yote mtakayoyapenda. Ya kazi nimeyaandika kwa sababu mnayahitaji. Yale mengine nimeyaandika kwa sababu nimezeeka nayo, na sioni tena faida ya kuyaficha.

Mimi niliingia kwenye udongo kwa kufutwa kazi. Nilikuwa kibarua katika kiwanda cha biskuti kule Viwandani, Nairobi, nikifunga pakiti. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, tukikaa Kaloleni. Kiwanda kikaleta mashine ya kufunga pakiti, na kwa vile mashine haiombi ruhusa ya kwenda msalani, sisi wanawake tukaambiwa kwaheri siku moja. Jirani akanieleza kwamba nyuma ya kanisa letu kuna banda la mabati, akina mama kutoka magharibi wanafinyanga vyungu na kuviuza. Nikaenda nikidhani nitakaa mwezi mmoja, nitafute kiwanda kingine.

Mama Nekesa, aliyeongoza banda lile, alikuwa ameketi juu ya gunia, miguu imenyooka, chungu kichanga katikati ya mapaja yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili. Hakuinua kichwa.

"Umeolewa?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Una kucha?"

Nikamwonyesha mikono.

"Kata. Kesho uje asubuhi."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Sijawahi kufanyiwa mengine tangu siku ile.

Kwa wiki tatu za kwanza sikugusa udongo. Alinipa mchi na rundo la vigae vya vyungu vilivyovunjika, akaniambia nivisage viwe kama unga wa wimbi. Nilidhani ananidharau. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba unga ule wa vigae ndio unaoufanya udongo uvumilie moto. Udongo mtupu ukiuchoma unajikunja, unapasuka. Ukichanganya na vigae vilivyokwisha kupita motoni, unatulia. Kwa hiyo msikimbilie mchanga wa ujenzi kama nilivyowaona mkifanya mwaka jana. Mchanga ule haufanani. Sageni vigae.

Udongo wenyewe tuliuchimba upande wa Komarock, kwenye shamba la mzee mmoja kando ya barabara ya Kangundo, kabla nyumba hazijalimeza. Ulikuwa wa kijivu, mzito, unanuka kama maji ya mtungi. Tulikuwa tunauleta kwa mkokoteni, tunauloweka, tunaukanyaga kwa miguu, kisha tunaupiga juu ya ubao hadi hewa yote itoke. Mama Nekesa alikuwa anakata donge kwa uzi na kutazama ndani. Akiona kitundu kidogo kama kichwa cha pini, analirudisha. "Hewa ukiifungia ndani, itatafuta mlango," alikuwa akisema. "Na mlango wake ni chungu chako kupasuka."

Chungu changu cha kwanza kilipasuka. Nilikisikia katikati ya moto, tuu! kama tairi, na kikaua jirani zake wawili. Wenzangu walinitazama. Mama Nekesa alisogea tu, akaondoa vigae kwa kijiti, akaniwekea mbele ya miguu yangu vikiwa bado vya moto. "Saga," akasema. Nikasaga chungu changu mwenyewe. Nimewahi kukatishwa tamaa na mambo mengi, lakini hilo halimo. Siku ile nilitaka kubaki.

Vifaa vyake vingeingia kwenye mfuko mmoja wa unga. Kipande cha kibuyu cha kulainishia ndani. Spoku ya baiskeli ya kukwangulia. Gunzi la mahindi la kuviringisha shingoni ili liache alama. Na jiwe moja jeusi la mtoni, laini kama yai, la kusugulia chungu kikiwa kimekauka nusu. Hapo msiwe wavivu. Sisi hatupaki rangi wala kitu cha kung'arisha. Mng'ao wote wa chungu chetu ni jiwe na mkono, na mahali ambapo jiwe halikupita, moshi utapaonyesha kwa kila mtu.

Sasa moto. Kwanza unapasha vyungu joto pole pole, vimepangwa duara, mdomo chini, vijiti vinawaka katikati. Hapo usiongee na simu. Kisha unapanga kuni, vyungu juu ya kuni, mavi makavu ya ng'ombe juu ya vyungu, na nyasi juu ya yote. Unawasha upande ambao upepo hautoki. Vikiwa vyekundu kama kaa, unavitoa kwa kijiti kirefu kimoja kimoja, unavitumbukiza kwenye pipa lenye unga wa mbao na mavi makavu, unafunika haraka, unaziba ukingo wa kifuniko kwa matope. Moto ukinyimwa hewa unageuka moshi, na moshi ukinyimwa njia unaingia ndani ya udongo. Unaacha hadi kesho yake. Ukifungua mapema kwa papara, weusi unatoka mabaka.

Kujua ni wakati gani wa kuziba, wakati gani wa kuongeza unga, wakati gani wa kuacha, hilo alilijua Mama Nekesa peke yake. Alikuwa anaketi karibu na pipa akiusoma moshi kwa pua. Moshi mtamu, subiri. Moshi mchungu, ziba vizuri zaidi, kuna mahali panavuja. Kwa miaka yote niliyofanya kazi chini yake, sikumbuki moto wake hata mmoja ulioharibika. Chungu kimoja au viwili, ndiyo. Moto mzima, hapana. Wanawake walikuwa wakitoka Makadara na Jericho na vyungu vyao vya nyumbani kumwomba awachomee. Ule ndio ulikuwa utajiri wake. Nyumba alikuwa amepanga, mume alishafariki, mtoto alikuwa mmoja, Nekesa, ambaye alikataa udongo na kwenda kuuza vitambaa Eastleigh. Lakini mtu akisema "moto wa Mama Nekesa", kila aliyewahi kununua chungu pale alielewa.

Nafika sasa mahali ambapo nimesimama mara tatu na kuweka kalamu chini.

Hoteli moja ya mjini ilituagiza mabakuli ya supu, meusi, yanayong'aa, mengi kuliko tuliyowahi kuchoma kwa mara moja. Mimi ndiye niliyekwenda kuongea nao kwa sababu nilikuwa na ulimi mwepesi. Wakauliza yatakuwa tayari lini. Nikataja Ijumaa bila kumuuliza Mama Nekesa. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza. Alipojua alinitazama tu, akasema, "Jerida, mvua haijaambiwa kuhusu hiyo Ijumaa."

Tulifinyanga, tukasugua, tukakausha mabakuli kwa shida, tukiyahamisha kila bati lilipovuja. Kuni tulipata. Lakini mavi makavu yalikwisha kwa sababu wachungaji hawakupitisha ng'ombe tena upande wetu, na unga wa mbao tuliokuwa nao ulilowa ukawa uji. Jumatano asubuhi nikaenda kwa Fundi Musyoka, mchonga vinyago aliyekuwa akitupa unga wa mbao siku zote. Karakana yake ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka bandani. Magunia yake yote yalikuwa yamelowa pia, isipokuwa moja lililokuwa ndani, limeegemezwa ukutani.

"Hilo?" nikauliza.

"Hilo achana nalo, mama. Ni la zile nguzo nilizopasua juzi. Zimetiwa dawa ya mchwa. Hiyo ni sumu, nangoja tu nipate mahali pa kuitupa."

Nikaufungua mdomo wa gunia. Unga ulikuwa mkavu kabisa, na ulikuwa na ukijani kwa mbali, kama mkate ulioanza kuota ukungu.

"Si ya kuchomea," nikamwambia. "Banda limejaa matope, tunataka kumwaga chini tupate pa kukanyaga."

"Kweli si ya kuchomea?"

"Fundi, mimi na wewe tumejuana leo?"

Akanisaidia kuliinua gunia kichwani. Nilitembea nalo kutoka pale hadi bandani, na katika mwendo huo wote hakuna mahali ambapo nilisema nirudi. Niliwaza Ijumaa. Niliwaza aibu ya kumwambia mtu wa hoteli kwamba nilijitia kusema lisilowezekana. Nikajiambia ni mara moja tu.

Tulichoma siku hiyo hiyo, mvua ilipotupa nafasi. Mabakuli yalitoka motoni mekundu vizuri. Tukayatia kwenye mapipa, tukamwaga unga juu, tukaziba. Mama Nekesa akavuta gunia lake akaketi. Alikuwa tayari na kikohozi cha siku nyingi, kile cha watu wa moto, nasi hatukukihesabu kama ugonjwa. Baada ya muda akainua pua.

"Huu moshi una kitu," akasema.

Nilikuwa nyuma yake nikikanda matope ya kuzibia.

"Ni mti tu mwingine, mama. Fundi siku hizi anachonga miti ya kila aina."

"Mti gani?"

"Sikuuliza."

Aliniamini, na kwa sababu aliniamini akafikiri kosa liko kwenye kuziba, akasogea karibu zaidi. Alizunguka yale mapipa saa baada ya saa, anapaka matope hapa, anainama kunusa pale, akitafuta panapovuja. Mara mbili nilimwambia apumzike. Sikumwambia sababu. Ilipofika saa kumi macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anavuta pumzi kwa mabega. Wenzetu wawili wakamshika mkono wakampeleka nyumbani.

Asubuhi ya Alhamisi nilifika bandani peke yangu, mapema, nikafungua mapipa. Niwaambie ukweli wa kazi, kwa sababu hii ni barua ya kazi: yale yalikuwa mabakuli mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kabla ya siku ile au baadaye. Meusi sawasawa, bila baka, yanang'aa kama jicho la ng'ombe. Niligonga moja kwa kidole likalia vizuri. Niligonga la pili, la tatu. Yote yalikuwa mazima.

Nikaketi chini nikayatazama. Ndani ya mabakuli yale watu wangetiliwa supu ya moto. Udongo wetu haupakwi kitu, unanywa kila unachopewa, na ulikuwa umekunywa ule moshi usiku kucha. Sikuwa na elimu ya kujua kama dawa ile ingemdhuru mtu kupitia bakuli. Hadi leo sijui. Nilijua tu kwamba siwezi kuyaacha yatoke.

Kulikuwa na njia moja ya kufanya, nayo ilikuwa rahisi. Ningewaita wenzangu niwaambie: nimedanganya, nimeleta unga wa sumu, haya mabakuli hayafai na Mama Nekesa apelekwe hospitali, daktari aambiwe amevuta nini. Maneno machache hivyo. Badala yake nilichukua mchi nikayavunja. Yote, moja baada ya jingine. Nikakusanya vigae kwenye magunia, nikalipa mtu wa mkokoteni akavipeleke mbali vikatupwe, na unga uliobaki pamoja navyo. Wenzangu walipofika nikawa nimeketi nimeshika kichwa.

"Yamepasuka," nikasema. "Yote."

"Yote? Moto wa Mama Nekesa?"

Hapo ningeweza bado kusema. Nikasema, "Nafikiri aliyatia kwenye mapipa mapema. Kifua kilikuwa kinamsumbua, labda hakuona vizuri."

Nililisema kwa sauti ya huruma. Hilo ndilo linaloniamsha.

Ijumaa pumzi ilizidi kumwishia, akapelekwa hospitali, na Jumamosi nikaenda kumwona. Walikuwa wamemweka karibu na dirisha, na mrija wa hewa puani. Daktari alikuwa amemuuliza kama anapikia kuni, naye akacheka hadi akakohoa. "Nimemwambia, daktari, mimi napika hadi vyungu vyenyewe," akaniambia. Daktari angefurahi kuambiwa jambo lingine, na mtu wa kulisema alikuwa ameketi pale pale kwenye kiti cha plastiki, ameshika mfuko wa machungwa.

Kisha akaacha kucheka.

"Wameniambia," akasema. "Jerida, yalipasuka namna gani? Ufa ulianzia mdomoni au kitakoni?"

"Mama, pumzika."

"Niambie. Ukianzia kitakoni ni udongo haukukauka. Ukianzia mdomoni ni upepo. Niletee kigae kimoja tu nikitazame."

"Nimeshavitupa, mama."

Aligeuza kichwa akanitazama kwa mshangao. Sisi hatutupi vigae. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo. Nikaona swali likipita usoni mwake, nikangoja aliulize, na naapa kwamba lau angeliuliza ningelijibu. Hakuliuliza. Alifumba macho.

"Basi ni macho yangu," akasema. "Nimezeeka bila kujua."

Hoteli haikurudi tena kwetu. Kikundi kikafanya mkutano, na wenzetu, kwa heshima kubwa na sala mwanzo na mwisho, wakasema Mama Nekesa apumzishwe moto. Atabaki kufinyanga, lakini moto apewe mtu mwenye nguvu. Wakanitaja mimi. Huko ndiko kupanda cheo kwangu, na sitasema mengi juu yake. Mama Nekesa alikuwepo, ametoka hospitali wiki hiyo. Aliinuka akanikabidhi kile kijiti chake kirefu mbele ya watu, akanishika bega. "Chunga upepo," akaniambia. Nikakipokea.

Hakufinyanga tena. Alikuja siku mbili tatu akaketi na gunia lake, mikono juu ya magoti, kisha akamwambia Nekesa ampeleke nyumbani Bungoma. Fundi Musyoka alikutana nami njiani siku moja akaniuliza, "Ule unga uliwafaa? Bandani kumekauka?" Nikamwambia kumekauka. Mama Nekesa alifariki kabla ya mwaka kwisha. Kikundi kikakodi gari kwenda mazishi. Mimi nilisema kuna vyungu viko motoni na haviwezi kuachwa, nikabaki Kaloleni nikichoma.

Miaka iliyofuata mnaijua zaidi, kwa sababu ninyi mlikuja humo katikati. Mwende ulipoingia ulikuwa umevaa kucha za kubandika na nilikutuma ukazikate, ukanichukia mwezi mzima. Auma ulipasua chungu chako cha kwanza ukalia, nikakuambia usage. Mlidhani nina busara. Nilikuwa narudia maneno ya mtu.

Moto wangu haukuwahi kuwa kama wake. Mlikuwa mkisifu, nami nilikuwa najua. Niliuharibu mara nyingi, moto mzima mara mbili, na kila ilipotokea hakuna aliyesema nipumzishwe. Walisema ni kuni, ni mvua, ni udongo wa siku hizi. Udongo wa Komarock ulikwisha, nyumba za ghorofa zimesimama juu yake, na ule wa lori tuliokuwa tukinunua ulikuja na vioo na vifuniko vya chupa. Majirani walianza kulalamika kwamba moshi unaingia kwenye nguo walizoanika, na kwa kweli walikuwa na haki. Watu wakanunua sufuria na gesi. Wateja wetu wa mwisho walikuwa wanaotaka vyungu vya kupandia maua, wakauliza kama vinapatikana vya rangi. Kanisa likahitaji uwanja wake. Hayo yote hayakuniumiza kama mlivyofikiri. Mlipolia siku ile ya kufunga banda, mlinikuta macho makavu mkasema shosho ni chuma. Mimi nilikuwa nawaza kwamba ningelifunga mwenyewe siku nyingi, laiti ningekuwa na ujasiri.

Kifua changu nacho kimeanza. Daktari ameniuliza kama napikia kuni.

Wiki mbili baada ya kufunga, nilikwenda Eastleigh kumtafuta Nekesa. Ana duka dogo la vitambaa ndani ya jengo moja la First Avenue, ghorofa ya pili. Ni mtu mzima sasa, mnene kidogo, ana mikono ya mama yake. Aliponiona akaruka kutoka nyuma ya meza.

"Anti Jerida! Karibu, keti hapa. Nani alikuleta huku kwenye fujo?"

Akaagiza chai ya tangawizi. Akaniuliza habari za banda, nikamwambia limefungwa. Akasikitika. Kisha nikamwambia nina neno, na nikalisema lote, kuanzia gunia hadi mchi, hadi kigae alichokiomba mama yake. Niliongea nikitazama kitambaa cha zambarau kilichokuwa juu ya meza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilidhani pia, na hili nalikiri kwa aibu, kwamba labda angelia, angenishika mkono, angesema ni zamani.

Alisogeza chai yake kando. Kisha akaanza kukunja kile kitambaa.

"Anti," akasema, "unajua mama alifanya nini kule nyumbani?"

"Hapana."

"Alikuwa anachoma. Alifika akaenda mtoni akachimba udongo mwenyewe. Kila Jumamosi anafinyanga vibakuli vitano sita, anavichoma nyuma ya jiko, anavifukiza kwenye ndoo. Na kile kifua. Nilikuwa nasafiri kwenda kumwona, namkuta ameinamia moshi, hawezi hata kunisalimia kwa pumzi. Nilimpigia magoti. Nikamwambia, mama, acha, daktari amekataza. Akaniambia, 'Nekesa, mkono wangu umekosea mahali. Siwezi kufa bila kujua ni wapi.'"

Nikakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Alijaribu kuvipasua," Nekesa akasema. "Unanielewa? Aliwasha upande wa upepo makusudi. Akavitia motoni vikiwa vibichi kidogo. Alitaka vipasuke kama yale mabakuli ya Nairobi, auone ule ufa, ajue kosa lake. Vikatoka vizima. Anavigonga, anavisikiliza, anaketi chini analia. Jumamosi ijayo anaanza tena. Hivyo hivyo hadi akashindwa kuinuka."

Msichana mmoja akaingia akauliza bei ya kitambaa. Nekesa akainuka akamwonyesha, akamfungulia marobota mawili, akapima mita tatu, akakata, akafunga kwenye karatasi. Hakuharakisha. Msichana alipoondoka hakurudi kuketi. Alianza kupanga marobota kwenye rafu, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Mimi nilikuwa nakutaja kwenye maombi," akasema bila kugeuka. "Kila mwaka siku yake. Nilikuwa namwambia Mungu ambariki yule aliyeshika kijiti cha mama."

Nilingoja aendelee. Mteja mwingine akaingia, na mwingine. Nilikaa pale na kikombe hadi chai ikaota ngozi juu, kisha nikainuka nikashuka ngazi.

Mwende, Auma. Nimewaandikia udongo, vigae, jiwe, upepo na pipa. Mavi makavu yakikosekana, ahirisheni. Unga wa mbao uliza umetoka kwenye mti gani, na uuguse, na uunuse, na kama una rangi usiyoijua usiuingize hata mlangoni. Hayo mtayakumbuka kwa sababu ni rahisi. Ninalowaomba ni jingine. Wako watu Kaloleni hadi leo, wazee sasa, ambao wakitaja banda letu husema Mama Nekesa alikuwa hodari lakini mwishoni mkono ulimharibikia. Mkiwasikia, wakatizeni. Nitajeni mimi kwa jina, mseme nilichofanya, mseme ule moto ulikuwa sawa.